Jua kali

Kamukunji, Nairobi, mafundi hugeuza mapipa makuukuu kuwa majiko, masanduku na makarai. Walizoea kufanya kazi nje bila paa, wakipigwa na jua mchana kutwa, ndipo wakaitwa jua kali. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu ajira nchini Kenya, ya mwaka 1972, iliziita kazi za aina hii sekta isiyo rasmi, jina linalozieleza kwa kile zinachokosa. Wananchi walishikilia jina lao la jua kali, na mwaka 1992 serikali ikaliandika katika waraka wa sera ya biashara ndogondogo. Siku hizi fundi huitwa wa jua kali hata akiwa kibandani.

Linaloniudhi ni kusikia “hiyo ni ya jua kali” kwa maana ya kitu cha ovyo. Majiko ya bati yenye bitana ya udongo, yanayookoa mkaa, yalienea tangu miaka ya 1980 kwa mikono ya mafundi hawahawa. Kijana anayejifunza kwao kukunja bati hutoka na ufundi wa kumlisha. Anachokosa mara nyingi ni mtaji wa vifaa na mahali pa kufanyia kazi pasipo hofu ya kufukuzwa.