Maziwa ya Pembe Tatu

Ukitaka kumfanya mtu wa rika langu atabasamu hapa Kiritiri, mtajie maziwa ya Nyayo. Atakuchorea pakiti hewani kwa vidole, pembe tatu kila upande, kisha atakueleza kona aliyokuwa akiing'ata. Halafu atasema maneno ambayo nimeyasikia sokoni, kwenye matanga na ndani ya matatu za kwenda Embu: "Siku hizi hakuna maziwa kama yale."

Nami husema hivyo hivyo. Lakini nimefundisha historia miaka mingi, na mtu akisema "zamani", mimi huuliza "lini?" Akisema "tulipewa", huuliza "na nani, kwa pesa gani?"

Kila taifa lina chakula chake cha kukumbukia utoto. Waamerika wana jibini laini ya kupaka kwenye mkate, nyeupe, yenye malai nyingi na uchachu kidogo. Mpwa wangu anayeishi huko aliniambia kwamba wenzake kazini huizungumzia kama kitu kilichozaliwa jikoni kwa nyanya zao. Kumbe ina kiwanda na ina tarehe. William Lawrence wa Chester, jimbo la New York, ndiye aliyeanza kuitengeneza kwa biashara katika miaka ya 1870. Mwaka 1880 ikabandikwa jina Philadelphia, kwa sababu mji huo ulisifika kwa maziwa na jibini nzuri. Jibini yenyewe haikutoka Philadelphia. Jina ndilo lililouza, na wajukuu wa wanunuzi wakakua wakidhani wanaonja nyumbani.

Ya kwetu nayo ina tarehe. Mzee Jomo Kenyatta alifariki Agosti 1978, Daniel arap Moi akashika usukani na kuahidi kufuata nyayo za mtangulizi wake. Mwaka 1979 akatangaza kwamba watoto wa shule za msingi watapewa maziwa bure. Ndivyo neno "nyayo" lilivyotoka kwenye hotuba likaingia midomoni mwetu, kwa mililita 200.

Pakiti yenyewe ilitoka mbali. Ni ubunifu wa kampuni ya Tetra Pak, iliyoanzishwa na Ruben Rausing huko Lund, Sweden, mwaka 1951. Bomba la karatasi hujazwa maziwa, likabanwa huku, kisha likabanwa kule kwa upande mwingine, na umbo la pembe tatu linajitokeza lenyewe. Maziwa hupitishwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 130 kwa sekunde chache, yakafungwa bila kuguswa na hewa, na yanakaa miezi bila kuharibika. Ile ladha tunayoisifu, kama ya maziwa yaliyokaribia kuungua kwenye sufuria, ni ladha ya huo moto.

Bila ufundi huo, maziwa yasingefika huku kwetu. Shule yetu haikuwa na stima, sembuse friji. Na cha ajabu ni kwamba stima ilikuwa ikizalishwa mlangoni petu. Kwenye mto Tana kulikuwa na mabwawa ya Kindaruma tangu 1968, Kamburu 1974 na Gitaru 1978, halafu Masinga 1981 na Kiambere 1988. Nyaya zilipita juu ya mashamba yetu zikielekea Nairobi, nasi tukasoma kwa koroboi.

Wala maziwa hayakuwa kitu cha kila siku. Mbeere ni nchi kavu. Tulifuga mbuzi na ng'ombe wa kienyeji, ambao kiangazi kikikaza hutoa kikombe kimoja, na hicho ni cha ndama kwanza. Kilichobaki kililazwa kwenye kibuyu mpaka kikawa maziwa lala, haya tunayoita mala, mazito na yenye harufu ya moshi. Cucu aliyapima kwa kijiko. Wagonjwa walipata, wageni walipata, sisi watoto tulilamba kifuniko.

Ng'ombe wa gredi walikuwa habari ya huko juu, upande wa Runyenjes na Manyatta, kwenye kahawa na mvua. Hata huko walichelewa. KCC iliundwa na walowezi mwaka 1925 kwa ajili ya maziwa ya walowezi, na mpaka mpango wa Swynnerton wa 1954, serikali ya kikoloni haikuwa na haja ya kumwona Mwafrika akifuga ng'ombe wa aina hiyo. Kwa hiyo mtoto wa Kiritiri alipong'ata ile kona, mara nyingi ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumiliki maziwa peke yake, bila kugawana na ndama, mgeni wala mgonjwa. Nadhani hapo ndipo utamu ulipotoka. Hatukuwahi kupewa kitu kizima.

Kisha ikaja 1984. Mvua ilikosekana, mifugo ikafa, na serikali ikaagiza mahindi ya manjano kutoka nje. Yale mahindi tuliyala kwa kuinamisha uso. Siku ya maziwa, hakuna aliyekosa shule. Kuna waliokunywa nusu na kukunja kona vizuri ili nusu nyingine imfikie mdogo wao nyumbani. Wengine waliipuliza pakiti tupu na kuikanyaga ilie kama bunduki. Ukiona mtu haikanyagi yake, ulijua kuna kitu ndani.

Sasa nifike mahali ambapo watu wa rika langu hunyamaza. Neno "nyayo" halikubandikwa kwenye maziwa pekee. Kulikuwa na uwanja wa Nyayo, wodi za Nyayo, mabasi ya Nyayo, hata gari la Nyayo mwaka 1990. Na kulikuwa na Nyayo House pale katikati ya Nairobi, jengo refu ambalo chini yake kulikuwa na vyumba vya giza. Katikati ya miaka ya 1980, watu walioshukiwa kuwa wa kundi la Mwakenya walifungiwa humo, wakamwagiwa maji na kuachwa wasimame ndani yake siku kadhaa, wakapigwa, wakanyimwa chakula. Vyumba hivyo vilifunguliwa kwa umma mwaka 2003. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za wengi walioshtaki zilikiukwa, ikaamuru walipwe fidia.

Baadhi ya waliokuwa kule chini walikuwa na watoto shuleni. Watoto wao nao walikunywa maziwa ya Nyayo.

Niliwahi kumweka swali hili mwalimu wangu wa zamani, tukiwa tumekaa kivulini karibu na wauza muguka. Nilimuuliza, "Mwalimu, mtu anaweza kuyapenda yale maziwa na bado aseme ukweli kuhusu enzi ile?"

Alicheka. "Mwanangu, ng'ombe hana chama. Baba yako aliuza pamba, akakatwa. Wa huko juu waliuza kahawa, wakakatwa. Mliletewa maziwa yenu wenyewe, mkafundishwa kuimba asante."

Waingereza wana kisa kinachofanana na hiki. Sheria ya 1946 iliwapa watoto wa shule maziwa bure. Mwaka 1971 Margaret Thatcher, akiwa waziri wa elimu, aliyaondoa kwa wenye zaidi ya miaka saba, akabandikwa jina la mnyang'anyi wa maziwa ambalo hakulivua maisha yake yote. Muulize Mwingereza wa kawaida nani alimpa maziwa, atakuna kichwa. Muulize nani alimnyang'anya, atakujibu papo hapo. Yale yalikuwa haki yake, na haki huikumbuki mpaka iguswe. Sisi tulifundishwa kinyume. Tunamjua aliyetupa, na yalipoondoka hatukumuuliza mtu.

Na yaliondoka kimya kimya. Biashara ya maziwa ilifunguliwa kwa wote mwaka 1992, KCC ikazama kwenye madeni, wakulima wakabaki wakidai pesa zao, na ndani ya miaka hiyo ya 1990 mpango ukafifia mpaka ukaisha. Serikali iliifufua kampuni mwaka 2003, lakini pakiti ya bure haikurudi Kiritiri. Hakuna aliyeandamana. Zawadi ikikatizwa, utamlaumu nani?

Ndiyo maana mimi sikubaliani na wanaosema tuache kuyakumbuka kwa sababu ya jina lake, wala na wanaotaka tumsamehe mtu yote kwa sababu ya mililita 200. Utamu ulikuwa wa kweli. Mwaka 1984 ulikuwa zaidi ya utamu. Lakini ulilipwa na pamba, kahawa, chai na jasho la wafugaji ambao mwishowe hawakulipwa.

Darasani sasa nayaita maziwa ya shule. Wanafunzi wangu huuliza, "Kwani yalikuwa ya nani?" Nawaambia, "Yalikuwa yetu. Hata nyinyi mnaweza kuyadai."