Spishi

Spishi ni kundi la viumbe ambao kwa kawaida huzaana wenyewe kwa wenyewe, na wazao wao nao wakazaa. Mtahiniwa wa IELTS, mtihani wa lugha ya Kiingereza, anayejinoa kwa makala za wanyamapori hukutana na "species" kila mara, na hapo ndipo wengi huteleza. Ile "s" ya mwisho si ya wingi. Anayeikata akaandika "specie" ameandika neno jingine, lenye maana ya fedha za sarafu, na kosa la tahajia katika sehemu ya kusoma humnyima alama. Idadi huonyeshwa na maneno jirani: "this species is", "these species are", sawa na spishi hii na spishi hizi.

Aina ni neno legevu zaidi. Kuku wa kienyeji na kuku wa nyama ni aina mbili, spishi moja. Tembo wa Afrika ni kinyume chake: tangu 2021 shirika la uhifadhi la IUCN huwaorodhesha wa savana na wa misitu kama spishi mbili. Makala ya zamani huweza kutaja moja tu. Mtahiniwa hujibu kwa kufuata kifungu alichopewa, hata kama anajua zaidi.