Helikopta Ndogo na Ardhi Tambarare ya Kalimoni

Kalimoni, moja ya wadi tano za eneo bunge la Juja katika Kaunti ya Kiambu, iko kati ya Ruiru na Thika, mahali ambapo miinuko ya kahawa inayoteremka kutoka Gatundu hugeuka kuwa mbuga tambarare inayoelekea Mto Athi na mlima wa Kilimambogo. Ardhi ya namna hiyo, iliyo wazi na yenye miti michache, ndiyo ambayo mchezo wa kurusha helikopta ndogo kwa rimoti umeihitaji tangu ulipoanza, kwa sababu mwanagenzi hukosea mara nyingi kabla ya kupatia, na kila kosa huhitaji nafasi. Hata hivyo, historia ya mchezo huo na historia ya ardhi ya Kalimoni zimekwenda kinyume: kadiri miongo ilivyopita, helikopta ilizidi kuwa nyepesi, nafuu na rahisi kufundishika, ilhali uwanja wa kuirushia ulizidi kupungua. Hali ya mtu anayeanza mchezo huu leo katika sehemu hizo haieleweki mpaka historia zote mbili zifuatwe.

Helikopta hutofautiana na ndege ya mabawa kwa jambo moja ambalo ndilo chanzo cha ugumu wake wote, nalo ni kwamba haina bawa lililotulia. Mapanga yanayozunguka juu yake, yaani rafadha kuu, ndiyo yanayoibeba, ndiyo yanayoisogeza na ndiyo yanayoielekeza, tena kwa wakati mmoja. Rafadha hiyo ikizunguka upande mmoja, kiwiliwili cha chombo huelekea kuzunguka upande wa pili, na ndiyo sababu rafadha nyingine ndogo huwekwa mkiani ili kuuzuia mzunguko huo. Zaidi ya hayo, chombo kinachoelea mahali pamoja hakina tabia ya kujirudisha katika utulivu wake kinaposukumwa na upepo. Kikiinama kidogo huanza kuteleza upande kilikoinamia, na mrushaji asipokirekebisha mara moja, huzidi kuteleza mpaka kugonga ardhi.

Tatizo hilo la utulivu halikutatuliwa kwanza katika helikopta kubwa, bali katika vielelezo vidogo. Arthur Young, mvumbuzi wa Marekani, alianza mwaka 1928 kujifunza mwenendo wa helikopta kwa kuunda vielelezo vya kuchezea, akaendelea kwa zaidi ya miaka 10 kuviunda, kuvivunja na kuviunda upya, hadi alipopata fimbo ya uthabiti, yaani fimbo yenye vizito katika ncha zake mbili ambayo huzunguka pamoja na rafadha, hushikilia mwelekeo wa mzunguko wake hata chombo kinapoinama, na kwa kufanya hivyo hurekebisha mapanga. Mwaka 1941 aliwaonyesha wahandisi wa kampuni ya Bell kielelezo cha umeme kilichoongozwa kwa nyaya, nao wakamwajiri. Kazi yao ya pamoja ilizaa Bell 47, ambayo tarehe 8 Machi 1946 ilikuwa helikopta ya kwanza kupewa cheti cha matumizi ya kiraia nchini Marekani. Inafaa jambo hili likumbukwe na wale wanaoiona helikopta ndogo kuwa nakala tu ya ile kubwa iliyopunguzwa kwa ajili ya watoto, kwa kuwa ile kubwa ndiyo iliyojifunza kwa ile ndogo.

Njia ya kukiongoza chombo kutoka mbali bila waya ilikuwa imekwisha kujulikana. Nikola Tesla alionyesha mashua iliyoongozwa kwa redio mjini New York mwaka 1898, na mwaka 1937 ndugu wawili pacha, Walter na William Good, walirusha nchini Marekani ndege ya mabawa iliyoongozwa kwa redio, waliyoiita Big Guff. Lakini ndege ya mabawa ikiachwa bila amri kwa sekunde chache huendelea kuruka, na helikopta haikubali kuachwa hata kidogo. Kwa hiyo miaka 30 hivi ilipita kabla ya redio na helikopta kuunganishwa kwa mafanikio.

Muungano huo ulikamilika Ujerumani, kwa kazi ya mhandisi Dieter Schlüter, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 alifaulu kurusha helikopta ya rimoti iliyotii amri zote za mrushaji, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akauza vipande vya kuunganishwa nyumbani vya kielelezo cha HueyCobra. Tangu hapo mtu wa kawaida aliweza kuunda helikopta yake mwenyewe, ingawa kuirusha kulibaki kazi ngumu mno. Mrushaji alishika rimoti yenye vijiti viwili na kudhibiti mambo manne: kupanda na kushuka, kuinamisha chombo mbele na nyuma, kukiinamisha kulia na kushoto, na kugeuza mkia. Amri hizo zilipokewa na kipokezi ndani ya chombo, zikapelekwa kwa mota ndogo ziitwazo sevo, ambazo zilisukuma sahani iliyo chini ya rafadha kuu. Sahani hiyo ikiinama upande mmoja, mapanga nayo hubadilisha pembe yake kila yanapopita upande huo, na chombo hufuata. Kila amri iliharibu nyingine: kuongeza nguvu za injini kulipindua mkia, kurekebisha mkia kulikula nguvu za injini, na mrushaji alilazimika kuyasawazisha yote kwa vidole vyake bila kupumzika. Injini zilichoma mchanganyiko wa methanoli na mafuta ya kulainishia, nazo zilikuwa na kelele na hasira.

Ukombozi wa mwanagenzi ulitoka kwa kifaa kimoja kidogo, nacho ni jairoskopu, ambayo warushaji huiita jairo, yaani kipimo cha mzunguko ambacho huhisi mkia unapotaka kupinduka na kuiamuru rafadha ya mkia irekebishe kabla jicho la binadamu halijaona kosa. Jairo za kwanza zilikuwa na gurudumu dogo lililozungushwa na mota. Zilizofuata zilitumia vihisi vya kielektroniki visivyo na gurudumu, na baadaye vihisi hivyo viliongezwa katika pande zote tatu, hata ile fimbo ya Young ikaondolewa katika helikopta nyingi kwa sababu kompyuta ndogo sasa inafanya kazi yake. Kifaa hiki kinastahili heshima kuliko rangi na maumbo yanayowavutia wanunuzi dukani, kwa kuwa bila hicho mchezo huu ungebaki wa wachache wenye subira isiyo ya kawaida.

Sehemu kubwa ya maendeleo hayo ilifanyika Japani, ambako kampuni kama Hirobo na Kyosho ziliunda helikopta za kuchezea na ambako mwaka 1987 kampuni ya Yamaha ilitoa R-50, helikopta ya rimoti iliyokusudiwa kunyunyizia dawa mashamba ya mpunga. Katika miaka hiyo hiyo Japani ilikuwa ikisaidia kujenga chuo jirani na Kalimoni: ardhi ya hekta 200 iliyotolewa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1977 ilipata chuo cha kilimo na teknolojia kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1981 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1994, ambacho ndicho Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilichopo Juja. Hapo hufundishwa mekatroniki, taaluma inayounganisha mitambo, umeme na kompyuta, na helikopta ndogo ni somo zima la taaluma hiyo lililokusanywa katika chombo kimoja, lenye sevo, vihisi, mota na programu inayoviongoza vyote.

Mageuzi ya mwisho yalikuja baada ya mwaka 2000. Betri za lithiamu-polima, zilizo nyepesi kuliko betri za nikeli zilizotangulia kwa kiasi kile kile cha umeme, pamoja na mota zisizo na brashi, ziliiondoa injini ya methanoli katika mikono ya wanagenzi. Mwaka 2004 kampuni ya Align ya Taiwan ilileta T-Rex 450, ambayo iliigwa na viwanda vingi hata bei ikashuka. Kisha zikaja helikopta zenye rafadha mbili zinazozunguka kinyume juu ya mhimili mmoja, ambazo hazihitaji rafadha ya kuzuia mzunguko na hutulia zenyewe. Na mwaka 2006 ikaja Picoo Z, yenye uzito wa gramu 10 tu. Vyombo vya aina hii ya mwisho ndivyo vilivyosambaa katika maduka ya vifaa vya kuchezea duniani kote, yakiwemo ya Nairobi, na ndivyo vinavyomvunja moyo mnunuzi wa mashambani, kwa sababu vingi huongozwa kwa miale ya infraredi, ambayo hufanya kazi sebuleni lakini humezwa na jua la mchana. Mtu atakayekitoa chombo kama hicho nje, katika mwanga wa Kalimoni, atakiona kikikataa amri, naye atadhani ni kibovu.

Wakati chombo kikipita katika hatua hizo, ardhi ilipita katika zake. Mwanzoni mwa karne ya 20 mbuga ya Juja ilikuwa milki ya William Northrup McMillan, tajiri wa Marekani aliyemiliki maelfu ya ekari na kumkaribisha Theodore Roosevelt katika safari yake ya uwindaji ya mwaka 1909. Baadaye mkonge ulitawala tambarare, kahawa ikatawala miinuko ya Ruiru na Thika, na maeneo makubwa yakabaki bila nyumba, ingawa si bila wenyewe. Machimbo ya Ndarugo yalianza kuuza mawe ya kujengea, na mawe hayo yaliyokatwa kutoka ardhi ile ile yakawa kuta za mitaa ya Nairobi na vitongoji vyake. Barabara kuu ya Thika, iliyopanuliwa kati ya mwaka 2009 na 2012, ilifupisha safari ya kwenda mjini kiasi kwamba mashamba yakageuka kuwa viwanja vya makazi kwa kasi isiyowahi kuonekana. Karibu na Ruiru, mji wa Tatu City ulianza kujengwa juu ya ekari zipatazo 5,000 zilizokuwa za kahawa. Kwa familia zilizopata makazi, haya yalikuwa maendeleo ya kweli. Kwa mrushaji wa helikopta, kila ua jipya lilikuwa kikwazo, na kila waya wa umeme hatari.

Ardhi hiyo ina sifa nyingine isiyoonekana kwa macho. Tambarare ya Juja iko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho ni pungufu kwa karibu asilimia 14 ikilinganishwa na ya Mombasa. Rafadha hubeba chombo kwa kusukuma hewa chini, kwa hiyo helikopta iliyorekebishwa pwani ikiletwa Kalimoni hukosa sehemu hiyo hiyo ya nguvu za kubebea, na ili irudi katika hali yake ni lazima mapanga yazunguke kwa kasi zaidi, kwa karibu asilimia 8, au yaongezewe pembe. Injini ya methanoli huathirika maradufu, kwa kuwa nayo huvuta hewa ile ile hafifu, hivyo hudhoofika na kuhitaji mafuta yake yapunguzwe. Mota ya umeme haipotezi nguvu kwa sababu hiyo, na ndiyo maana mageuzi ya baada ya mwaka 2000 yana thamani kubwa zaidi kwa mrushaji wa nyanda za juu kuliko kwa yule wa pwani. Joto la adhuhuri huifanya hewa iwe hafifu zaidi, na upepo wa mbuga huongezeka jua linapopanda, kwa hiyo saa mbili za kwanza baada ya mapambazuko ndizo zinazomfaa mwanagenzi.

Sheria nayo ina historia fupi yenye misukosuko. Vyombo vya rimoti vilipoanza kubeba kamera, serikali ya Kenya ilivizuia kwa kiasi kikubwa kwa sababu za usalama. Kanuni za mwaka 2017 zilibatilishwa na Bunge mwaka 2018, na ndipo mwaka 2020 zikatoka kanuni za ndege zisizo na rubani, ambazo zinatambua burudani na michezo kuwa matumizi halali, lakini zinataka chombo kisajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, mwenye chombo awe na umri wa miaka 18 au zaidi, na uagizaji kutoka nje upate kibali. Chombo hakiruhusiwi kupanda zaidi ya futi 400, yaani mita 122 hivi, wala kukaribia watu na majengo chini ya mita 50, na viwanja vikubwa vya ndege vimewekewa ukingo wa kilomita 10, ambao Kalimoni iko nje yake kwa upande wa uwanja wa Jomo Kenyatta.

Mafunzo yenyewe hufuata utaratibu uliokubalika kote. Mwanagenzi huanza kwa programu ya kompyuta inayoiga urukaji, ambamo huanguka mara nyingi bila kuvunja kitu, kisha hufunga chini ya helikopta fimbo mbili zilizopishana zenye mipira katika ncha zake ili isipinduke ikitua vibaya, na huiweka ikielea kimo cha goti huku mkia ukimwelekea. Baadaye huigeuza ubavu, na mwisho huigeuza imtazame, hatua ambayo kulia huwa kushoto na ambayo huwaangusha wengi. Kila hatua inataka majuma kadhaa.

Hapo ndipo historia ya chombo na ya ardhi zinapokutana tena. Duara ambalo ukingo wake uko mita 50 kutoka kwa mrushaji, umbali ule ule uliotajwa katika kanuni, huchukua karibu mita za mraba 7,850, eneo linalolingana na viwanja 17 vya futi 50 kwa 100, kipimo ambacho ardhi ya Kalimoni huuzwa kwacho siku hizi. Nafasi kubwa kiasi hicho isiyo na nyumba, waya wala njia ya watu imebaki katika viwanja vya shule na vya taasisi, na katika mashamba machache ambayo hayajakatwa, nayo yote yana wenyewe. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya anayeanza mchezo huu sehemu hizo hutangulia safari ya dukani: ni kwenda kwa mwalimu mkuu au kwa mwenye shamba, akiwa na mtu anayemfahamu, na kuomba ruhusa ya kutumia ardhi hiyo asubuhi za Jumamosi.