Malikale kwenye Njia ya Newala na Masasi

Uchunguzi wa akiolojia kabla ya ujenzi wa barabara ni ukaguzi wa ardhi itakayofukuliwa, ili mabaki ya watu wa zamani yatambuliwe kabla greda halijapita. Tanzania Bara, kazi hii husimama juu ya sheria mbili. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini kabla haijaanza.

Barabara ya Mnivata–Newala–Masasi, yenye kilomita 160 pamoja na Daraja la Mwiti, inapita juu ya uwanda wa Makonde kisha kuteremkia kwenye vilima vya mawe vya Masasi. Ardhi hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Vyungu vya mtindo wa Nkope, kazi ya wafua chuma wa mwanzo, vilitambuliwa kwanza upande wa Malawi, karibu na Ziwa Nyasa. Baadaye mwanaakiolojia Amandus Kwekason alivieleza pia katika pwani ya kusini ya Tanzania. Masasi na Newala ziko katikati ya sehemu hizo mbili. Kigae kimoja kilichookotwa hapo, mahali pake pakiandikwa sawasawa, kinaweza kusaidia kueleza watu hao walipitia wapi.

Kukiona ndiyo kazi. Nyumba za miti na udongo huoza zisiache ukuta, na vichaka vya uwandani huficha uso wa ardhi. Wachunguzi hutembea kwa mistari wakitafuta vigae, mavi ya chuma na mawe ya kusagia, kisha huchimba mashimo madogo ya majaribio. Juu ya uwanda maji ni haba, na kwa vizazi vingi watu waliteremka mabondeni kuyachota. Kwa hiyo anayekagua mstari wa barabara tu, bila mabonde hayo, ataona machache. Mashimo ya kifusi, machimbo ya kokoto na kambi za mkandarasi yanastahili ukaguzi uleule, hasa Masasi, ambako mwamba unaofaa kupasuliwa ndio huohuo wenye mapango yaliyowahi kuhifadhi watu.

Mwaka 1863 nao ni mpaka mbaya kwa wilaya hizi. Kijiji cha watumwa walioachwa huru, kilichoanzishwa Masasi na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA mwaka 1876, ni cha baadaye. Vita vya Maji Maji pia, na mahame yaliyoachwa watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970. Waziri anaweza kutangaza mahali pa namna hiyo kuwa pa kulindwa, lakini lazima kwanza pajulikane, na wanaopajua ni wazee. Huulizwa mti wa tambiko uko wapi, likumbi, yaani kambi ya jando, lilikuwa wapi. Kwa mambo ya unyago huulizwa akina mama. Makaburi huorodheshwa na ndugu wa waliozikwa, na kuhamishwa kwake kunafuata sheria ya makaburi ya mwaka 1969.

Yanayosalia chini hufichuliwa na katapila. Hapo kazi husimamishwa, eneo huzungushiwa uzio, Idara ya Mambo ya Kale hupewa taarifa, na udongo hauguswi tena mpaka mtaalamu afike na kuuandika ulivyo.