Kisa, Kesi na Kiopoo

Faharasa ya istilahi za akili mnemba iliyoletwa kwangu hapa Suna ili niipitie ina kurasa nyingi zilizoandikwa kwa uangalifu, na ingekuwa choyo kulikana hilo. Ukurasa mmoja lakini umeninyima raha. Humo imependekezwa kwamba ule mtindo wa kompyuta kulitatua tatizo jipya kwa kuangalia matatizo ya zamani yaliyokwisha kutatuliwa uitwe “utoaji hoja unaotegemea kesi”, na hatua yake ya kwanza iitwe “urejeshaji unaotegemea mfanano”. Maneno saba, na hakuna hata moja lenye kosa la sarufi. Kosa ni kwamba hakuna Mswahili atakayeyatamka bila kusoma karatasini. Niliandika pendekezo langu, ukisiaji kwa visa, na kwa hatua ya kwanza uopoaji. Nikajibiwa kwa adabu ya kiofisi kwamba pendekezo “limezingatiwa”. Anayeijua lugha ya kamati anajua kwamba limezikwa.

Basi nilifukue mwenyewe.

Tuanze na kesi. Neno hili tumelichukua kwa Waingereza, likaja na kizimba, wakili na dhamana. Hapa kwetu ukisema fulani ana kesi, msikilizaji hangoji maelezo. Anauliza ni lini inatajwa tena. Mgonjwa aliyelazwa hana kesi. Mhindi ulioshambuliwa na viwavi hauna kesi. Kuliita kila tukio lililohifadhiwa kwenye kompyuta kesi ni kuvisha nchi nzima joho la hakimu. Na “hoja” ndiyo mbaya zaidi, maana hoja hutolewa bungeni au barazani na mtu anayetaka kumshawishi mwingine, ilhali programu tunayoizungumzia haimshawishi yeyote. Inatafuta tu jambo lililowahi kutokea, inalipima na lililo mbele yake, inatoa jibu.

Neno tulilo nalo ni kisa, tena si la kubuni. Serikali ya Kenya ilipotangaza tarehe 13 Machi 2020 kwamba mtu wa kwanza nchini amepatikana na virusi vya korona, redio zilisema “kisa cha kwanza”, na tangu hapo tukahesabiwa “visa vipya” kila jioni. Nchi nzima ilielewa. Waliotuandalia faharasa walikuwa hai mwaka huo, nadhani na redio walikuwa nazo.

Lakini uzito wa kisa hauko redioni. Uko katika asili yake. Neno la Kiarabu tulikolitoa, qissa, linatokana na mzizi wenye maana mbili zinazokaa pamoja: kukata, na kufuata nyayo. Upande wa kukata ndio uliotupa mkasi. Upande wa nyayo ndio uliotupa kisa, kwani msimuliaji huyafuata matukio hatua kwa hatua kama mfuasi wa nyayo. Msomaji wa Kurani atakumbuka kwamba katika sura ya 28, ambayo yenyewe inaitwa kwa neno la ukoo huu, mama yake Musa anamwambia binti yake amfuate mtoto, na kitenzi kilichotumika pale ni hicho hicho. Kilipofika kwetu Waswahili, kisa kikaongeza maana ambayo Kiarabu hakikuipa nafasi kubwa, ile ya sababu. Tunauliza, “Wanagombana kisa nini?” Tunasema kisa na maana. Kwa hiyo neno moja linabeba tukio, masimulizi ya tukio, na sababu ya tukio. Sijui kamati ilitaka nini zaidi.

Na hivyo hasa ndivyo waasisi wa fani hii walivyofikiri. Roger Schank wa Chuo Kikuu cha Yale, katika kitabu chake cha 1982 kuhusu kumbukumbu inayobadilika, alidai kwamba binadamu hakumbuki kanuni kavu, anakumbuka matukio, na tukio jipya humkumbusha la zamani. Mwanafunzi wake Janet Kolodner akaunda CYRUS, programu iliyohifadhi safari na mikutano ya Cyrus Vance, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, na kujibu maswali kuihusu. Kristian Hammond naye akaunda CHEF, iliyobuni mapishi ya Kichina kwa kugeuza mapishi iliyokuwa nayo. Ilipopika nyama ya ng’ombe pamoja na brokoli, mboga ikalegea kwa sababu nyama ilitoa maji. Programu ilirekebisha kwa kuvipika viwili hivyo mbalimbali, na zaidi ya hapo ikahifadhi kwa nini mapishi ya kwanza yaliharibika, ili siku nyingine itahadhari mapema. Tukio na sababu yake katika ghala moja. Nipeni neno la Kiswahili linalolieleza hilo kuliko kisa.

Sasa kukisia, na hapa ndipo wapinzani wangu wanapopandisha sauti. Wanasema kukisia ni kubahatisha, na sayansi haibahatishi. Mmoja alijaribu hata kunisaidia, akaeleza kwamba kukisia kumetokana na kisa. Ahsante, lakini hapana. Kisa kina ile sadi nzito ya Kiarabu. Kukisia kuna sini nyepesi, na kumetoka kwenye kitenzi cha kupima, ukoo mmoja na kiasi. Maneno hayo hayana udugu. Yamekutana katika Kiswahili tu, na mkutano huo ni bahati ambayo mtunzi wa istilahi angepaswa kuichinjia mbuzi.

Kiasi hicho, katika umbo lake la Kiarabu la qiyas, ni mojawapo ya nguzo za fiqhi. Imam Shafi, aliyefariki Misri mwaka 820 na ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wetu, aliifafanua katika kitabu chake Risala kuwa njia ya kulipata jibu la jambo lisilo na andiko kwa kulipima na jambo lenye andiko. Wanazuoni wa baadaye wakaipa viungo vinne: asili, yaani jambo la zamani, tawi, yaani jambo jipya, hukumu ya lile la zamani, na ila, sababu inayoyaunganisha. Mvinyo umekatazwa na andiko. Kileo kingine hakikutajwa, lakini ila ni kulevya, basi hukumu inavuka. Rangi haihesabiki, wala chombo, wala kwamba kimoja kimetoka kwenye zabibu na kingine kwenye mtama. Zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Yale, swali la kuamua ni sifa ipi yenye uzito na ipi ya kupuuzwa lilikuwa limewekwa mezani na kupewa istilahi. (Kwamba ila kwetu leo imebaki na maana ya dosari peke yake ni hasara niliyoizungumzia mahali pengine, na sikusikilizwa huko pia.)

Kwamba kukisia ni kubahatisha, nauliza hivi. Mhudumu wa zahanati huku Nyatike, karibu na ziwa ambako malaria haiondoki, akiletewa mtoto mwenye homa hukisia malaria, kisha hupima damu. Mwenzake wa Nyeri, juu baridini, akiletewa homa ile ile huuliza kwanza mtoto alisafiri wapi. Hakuna aliyerusha sarafu. Kila mmoja amekisia kwa visa alivyonavyo, na kipimo kinafuata. Makisio ya bajeti husomwa kila mwaka na hakuna anayeyaita kamari, ingawa naelewa kwamba mifano mingine ingenifaa zaidi.

Mahakamani, ambako kesi ni kesi, tuna somo bora kuhusu makisio yanayopotoka. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua, katika shauri la Francis Muruatetu, kwamba adhabu ya lazima ya kifo kwa kosa la mauaji inakwenda kinyume cha Katiba. Kwa kuwa Ibara ya 163 inazifunga mahakama nyingine zote kwa maamuzi yake, hukumu hiyo ilianza kuitwa kila mahali. Waliofungwa kwa wizi wa mabavu waliitumia, na hata walioadhibiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono, na mahakama za chini zikawakubalia wengi. Julai 2021 Mahakama ya Juu ikarudi na kusema hukumu yake ilihusu mauaji tu. Kisa kilichotolewa ghalani kilikuwa halisi. Kilichobishaniwa ni mshabaha. Kevin Ashley na Edwina Rissland, waliounda huko Massachusetts programu ya HYPO kwa ajili ya mashauri ya siri za biashara, wasingeshangaa. Programu yao ilikuwa ikitafuta visa vya upande wa pili vilevile.

Nimesema mshabaha, si mfanano, kwa makusudi. Kufanana kuna kiambishi cha kutendana: A akifanana na B, lazima B afanane na A. Amos Tversky alionyesha mwaka 1977 kwamba akili ya binadamu haipimi hivyo. Watu aliowauliza waliona Korea Kaskazini inaelekea zaidi kuwa kama China kuliko China kuwa kama Korea Kaskazini. Kiswahili kinalijua hilo. Mtoto humshabihi babake, na hakuna asemaye baba anamshabihi mwanawe ila kwa utani. Pale programu inapotumia kosaini ya pembe kati ya vekta mbili, ambayo ni ile ile ukianzia upande wowote, mfanano unatosha, na ninaukubali bila kinyongo. Kwingine kote, mshabaha.

Imebaki urejeshaji. Anayerejesha hukirudisha kitu kwa mwenyewe: mkopo, kitabu cha maktaba, mahari. Programu haimrudishii mtu chochote. Inazamisha swali katika wingi wa visa na kuibuka na kilicho karibu, na kitendo hicho kina neno, kuopoa. Ndoo ikikatika kamba kisimani huopolewa kwa kiopoo, ule mti wenye kulabu. Mjumbe mmoja aliandika pembeni ya pendekezo langu kwamba neno la visima vya Lamu linaonekana geni likitoka kwa mtu wa Suna. Bwana huyo hajafika. Mji huu, ambao posta huuandika Suna-Migori, unanunua na kuuza kwa Kiswahili baina ya Mjaluo, Mkuria, Mkisii na Msomali. Ukipanda gari hadi Isebania, ng’ambo ni Sirari na Kiswahili cha Tanzania. Na kuopoa tunakusikia mara nyingi kuliko tunavyopenda, kila mtu anapozama ziwani au mtoni na mwili wake kutafutwa.

Matumizi ni mepesi. Agnar Aamodt na Enric Plaza waligawa kazi hii mwaka 1994 katika hatua nne ambazo kwa Kiingereza zote zinaanza kwa silabi moja. Faharasa imejaribu kuwaigiza kwa kurejesha, kurudia, kurekebisha na kurekodi, kama mtu mwenye kigugumizi. Semeni kuopoa, kutumia, kurekebisha, kuhifadhi. Mahali pa visa ni ghala la visa. Programu za gumzo za leo, zinazotafuta vifungu kwenye nyaraka kabla ya kujibu, nazo zinaopoa. Si lazima zipewe sentensi nzima kuwa jina.

Pingamizi la mwisho nililopelekewa ni kwamba wingi wa kisa utachanganywa na kibali cha kusafiria. Kibali hicho huandikwa viza, kwa z, kama yai viza. Asiyetofautisha s na z asikabidhiwe faharasa.