Kupata namba za nasibu kutoka kifaa kisichoaminika

Kila mtu anapofungua akaunti yake ya benki kwa intaneti, kompyuta hutunga namba ya siri ambayo mwizi hapaswi kuweza kuibashiri. Mwaka 2008 ilibainika kuwa programu ya usalama iliyosambazwa na mfumo wa Debian ilikuwa, kwa takriban miaka 2, ikitoa funguo chache kiasi kwamba mtu angeweza kuzijaribu zote. Kwa kuzitazama tu, funguo hizo hazikuwa na dosari yoyote.

Hapo ndipo penye ugumu. Tarakimu zenyewe haziwezi kuthibitisha kwamba hakuna aliyezijua mapema. Hata kifaa cha kwanta, kinachotumia tabia ya chembe ndogo za maumbile, chaweza kuwa kibovu au kuundwa na mtu mwenye hila.

Njia ya kukihoji kifaa cha namna hiyo inatokana na kazi ya mwaka 1964 ya John Bell, mwanafizikia wa Ireland ya Kaskazini. Vifaa 2 hutenganishwa visiweze kupashana habari, kisha kila kimoja huulizwa swali lililochaguliwa kwa kubahatisha. Katika mchezo mmoja maarufu wa aina hii, vifaa vilivyokariri majibu haviwezi kushinda zaidi ya asilimia 75. Chembe zilizofungamana huweza kukaribia asilimia 85. Vikivuka 75, japo kwa kiasi kidogo mno, majibu yote hayawezi kuwa yalipangwa tangu awali. Kiasi cha nasibu kilichomo hukadiriwa, kisha tarakimu nyingi hukamuliwa zikabaki chache zilizo safi. Hakuna haja ya kufungua kifaa.

Mavuno ya mwanzo yalikuwa haba. Jaribio la Maryland, Marekani, lililochapishwa mwaka 2010, lilitumia atomi 2 zilizokaa umbali wa mita 1 hivi na kupata biti 42 tu. Mwaka 2018, taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitangaza biti 1,024 kutoka vituo vya Boulder, Colorado, vilivyoachana kwa mita 187.

Lakini maswali yenyewe hutaka nasibu ya kuanzia, mfano wa hamira kwenye unga.

Mwaka 2025 NIST na Chuo Kikuu cha Colorado zilizindua huduma ya kutangaza namba hizo hadharani. Zinafaa kwa bahati nasibu au kuchagua wazee wa baraza. Kwa funguo za siri hazifai, kwani kila mtu anaziona.