Viambata vya Mimea na Matibabu ya Ugonjwa wa Figo Utokanao na Kisukari

Ugonjwa wa figo ni miongoni mwa madhara makubwa ya kisukari, na humpata takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu. Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, huumiza vichujio vidogo vya figo na kuchochea mchochota, yaani hali ya tishu kuvimba pale seli za kinga zinapokabili jeraha. Mchochota usiotulia huacha makovu, protini huanza kuvuja kwenye mkojo, na hatimaye figo hushindwa kusafisha damu.

Kutokana na hali hiyo, watafiti wanachunguza viambata vya mimea vyenye uwezo wa kutuliza mchochota. Kinachofahamika zaidi ni kukumini, kinachoipa manjano rangi yake. Kiambata hicho kimepunguza mchochota katika figo za wanyama wa maabara. Hata hivyo, mwili wa binadamu hukifyonza kwa kiwango kidogo sana, na majaribio yaliyofanyika kwa wagonjwa ni madogo, hivyo hakijathibitishwa kuwa tiba.

Umuhimu wa uthibitisho huo ulidhihirika kupitia bardoksoloni, dawa iliyotengenezwa kwa kubadili muundo wa asidi ya oleanoli, ambayo hupatikana katika mizeituni na mimea mingine mingi. Matokeo ya awali, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionesha vipimo vya utendaji wa figo vikiimarika. Lakini jaribio kubwa lililohusisha wagonjwa 2,185 lilisitishwa Oktoba 2012 kwa sababu za usalama. Wagonjwa 96 waliotumia dawa hiyo walipata tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi, ikilinganishwa na 55 waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Ipo pia safari iliyofanikiwa. Florizini, iliyopatikana katika gome la mti wa tufaha mwaka 1835, huifanya figo itoe sukari kupitia mkojo, lakini yenyewe haikufaa kuwa dawa. Wanakemia waliboresha muundo wake, na kupata kundi la dawa linalojumuisha kanaglifozini. Mwaka 2019, utafiti uliohusisha wagonjwa 4,401 ulionesha kuwa dawa hiyo hupunguza kwa asilimia 30 hatari ya figo kushindwa kufanya kazi au kudhoofika vibaya, pamoja na vifo vitokanavyo na maradhi ya figo au moyo.

Asili ya mmea pekee si kinga dhidi ya madhara. Mwaka 1993, madaktari nchini Ubelgiji waliripoti wanawake walioharibikiwa figo baada ya kutumia dawa za kupunguza uzito zenye mitishamba. Baadaye asidi ya aristoloki ilibainika kuwa chanzo.

Wagonjwa wa kisukari wanashauriwa kupima mkojo na damu angalau mara moja kwa mwaka ili kubaini hali ya figo, kutoacha dawa walizoandikiwa, na kumweleza daktari mitishamba yoyote wanayotumia.